Chumba cha Picha: Mbona eksirei mbili za mtu mmoja hazifanani?

Karibuni tena. Mwezi huu maswali karibu yote yamekuja kwenye kitu kimoja, picha imepauka, picha imekolea, picha haisomeki. Nimechagua sita. Mengine yanafanana nayo, kwa hiyo kama hujaona jina la mtaa wako usinune, soma, jibu lako limo humu.

*Shikamoo anti. Niko Ngaramtoni. Baba mkwe wangu ana miaka 71, alikuwa anakohoa tukampeleka sehemu moja akapigwa picha ya kifua, ikatoka imepauka vile, kijivu kijivu, daktari akasema anaona kama kivuli chini upande wa kulia. Wiki mbili baadae tukaenda kwingine mjini wakapiga tena, hii nyeusi imekolea na mbavu zinaonekana kali kabisa, daktari wa huku kasema haoni kitu. Sasa tuna picha mbili na mzee ni yuleyule. Ipi ni ya kweli? Na ile mashine ya kwanza si ndo mbovu? — Mkwe, Ngaramtoni*

Marahaba mama, na pole kwa kuuguza. Mashine ya kwanza siwezi kuihukumu kutoka hapa nilipokaa, na nitakwambia kwa nini.

Ukienda Moshi asubuhi hali ikiwa safi unaiona Kibo na theluji yake nyeupe imekaa kwenye anga la bluu, hata ukiwa umebanwa kwenye daladala unaiona. Siku nyingine wingu jeupe linakuja kukaa nyuma ya ile theluji. Mlima haujaenda popote, theluji ipo palepale, ila nyeupe juu ya nyeupe jicho halitenganishi. Hiyo ndo kontrasti, tofauti ya mwanga kati ya kitu na jirani yake. Kifuani ni hivohivo, mapafu yana hewa, moyo ni nyama na damu, mbavu zina kalisiamu, mionzi inapita kirahisi kwenye hewa na kukwama kwenye mfupa, na ile ditekta nyuma ya mgonjwa inahesabu tu kilichofika.

Sasa kwenye digitali kuna jambo ambalo enzi za filamu halikuwepo. Ditekta inahesabu ngazi nyingi sana za kijivu, mashine za kawaida zina 4096 au 16384, wakati skrini nyingi zinaonyesha 256 tu kwa wakati mmoja. Kwa hiyo kompyuta inabidi ichague ni kipande gani cha hizo ngazi ikuonyeshe, sisi kazini tunaita dirisha. Dirisha likiwa pana picha inakuwa ya kijivu na laini, likiwa jembamba picha inakuwa kali, nyeusi tii na nyeupe pee. Picha ni ileile! Mtu anaburuta mausi tu. Ukishaprinti kwenye filamu ndo dirisha limeganda hapo, limeshachaguliwa na hamjui, na ninyi mmebeba mbili zilizoganda sehemu mbili tofauti.

Na usidanganywe na ile kali. Watu wengi wanapenda picha kali, hata baadhi ya wenzangu kazini, mgonjwa akiona mbavu zinang'aa anasema hapa kuna mashine. Kwa mkono uliovunjika sawa. Kwa kifua ukali ukizidi, kwenye picha mapafu yanakuwa meusi mpaka kivuli chepesi kinamezwa. Ndo maana tunapiga kifua cha mtu mzima kwa kilovolti za juu, 110 mpaka 125 hivi, wakati kiganja cha mkono tunapiga kwa 50 na kitu. Kilovolti zikipanda tofauti ya mfupa na nyama inapungua, mbavu zinalegea, na daktari anaona pafu lililojificha nyuma yake. Mpauko kidogo kwenye kifua unaweza kuwa kazi nzuri kabisa.

Lakini pia inawezekana ile ya kwanza mzee hakuvuta pumzi vizuri (miaka 71 na kikohozi, utamlaumu?), pafu lisipojaa hewa sehemu ya chini inakuwa nyeupe yenyewe na mtu anaweza kuona kivuli. Au kivuli kilikuwepo kweli na ndani ya wiki mbili kimepona, hasa kama alipewa dawa. Kwa hiyo usikubali picha ya tatu kwanza. Rudi pale pa mwanzo uombe faili lenyewe, wakuwekee kwenye CD au flashi, omba na la pili, alafu daktari mmoja afungue yote mawili kwenye skrini ya kusomea, moja pembeni ya jingine, avute dirisha mwenyewe. Kazi ya dakika kumi. Na kama mzee bado anakohoa na imepita wiki mbili, apimwe makohozi bila kusubiri ugomvi wa picha uishe.

*Mambo dada. Mi ni mtaalamu wa mionzi, nimetoka chuo juzi juzi, niko kituo kidogo hapa Moshi. Tuna DR, mashine ya eksirei ya digitali, nzuri tu. Nikimwambia bosi tuwe tunapima ubora wa picha kila wiki anasema digitali inajirekebisha yenyewe, nisilete mambo ya chuo. Vifaa vya kupimia nimeangalia bei nikafunga simu. Nifanyaje? — Kijana wa Majengo*

Poa mdogo wangu. Bosi wako ana ukweli nusu, na ukweli nusu ndo unaoumiza.

Ni kweli ditekta ina usawazishaji wake, unaiwasha inapima giza lake, na kila baada ya muda ambao mtengenezaji amesema unaipiga mionzi bila kitu mbele ili kila pikseli ifanane na mwenzake. Hiyo fanya, na fanya kwa tarehe. Ila ditekta haijui kama kilovolti za mashine zimeanza kuteleza. Haijui kama gridi, lile bapa la kuchuja mionzi iliyotawanyika, imewekwa kichwa chini. Haijui kama wewe umebonyeza protokali, yani mpangilio wa mashine, ya nyonga ukapiga kifua. Na kabisa haijui skrini ya daktari kule chumba cha pili inaonyesha nini.

Alafu kuna hili ambalo chuoni wanalipitia haraka. Programu ya mashine inaangalia ngazi zote zilizofika alafu inazivuta na kuzinyoosha ili picha itoke inapendeza. Umepiga kidogo, inavuta. Umezidisha, inavuta. Zamani filamu ilikuwa inakusema hapohapo, ukizidisha inatoka nyeusi kama chungu, ukipunguza inatoka nyeupe, na mkuu wa idara anakuita mbele za watu. Leo hamna wa kukusema, kila picha inatoka imepigwa pasi. Ukipima ubora kwa kuangalia picha ya mgonjwa na kusema imetoka safi, unapima pasi, nguo hujaiona.

Kwa hiyo unahitaji kitu kisichobadilika. Mgonjwa anabadilika, huyu mnene huyu mwembamba. Kipande cha aluminiamu hakibadiliki.

Nenda kwa mafundi wa madirisha ya aluminiamu, omba mabaki ya bapa, wakukatie vipande kama kumi vyenye unene mmoja, kila kimoja kifupi kuliko cha chini yake, uvipange viwe ngazi na kuvifunga kwa skrubu pembeni. Haitakuwa ngazi ya kimataifa, aluminiamu yao imechanganywa na vitu vingine na hakuna cheti, ila itakuwa ngazi yako, ileile kila wiki, na hapa tunatafuta mabadiliko tu. Ukiweza pata na akriliki nene, ile ya watengeneza mabango, uweke juu ya ngazi iwe badala ya nyama ya mtu, maana aluminiamu tupu haitawanyi mionzi kama mwili unavyotawanya.

Weka ngazi palepale kila mara, chora alama kwa kalamu. Umbali uleule, sema sentimita 100. Kilovolti 70, mAs (kiasi cha mionzi) ileile, uwanja wa mionzi uufunge kwa ukubwa uleule. Na hapa sikiliza vizuri, usitumie protokali ya kifua wala ya mkono, tumia ile ya majaribio ambayo haichakati picha, mashine nyingi wanaificha kwenye menyu ya huduma, muulize fundi aliyewafungia. Ukitumia protokali ya mgonjwa ile pasi niliyosema itapita juu ya ngazi yako na kila wiki utaona mambo safi mpaka siku mashine inakufa.

Picha ikitoka, weka kile kiduara cha kupimia juu ya ngazi ya pili, ya tano na ya nane, soma wastani wa pikseli na ile namba ya mtawanyiko wa pikseli (SD) pembeni yake. Andika kwenye kaunta buku. Toa, ya tano kasoro ya pili, ya nane kasoro ya tano. Hizo tofauti ndo kontrasti yako kwa namba. Ukizigawa kwa mtawanyiko unapata uwiano wa kontrasti na chengachenga, na hiyo ndo namba yenye maana zaidi kwenye digitali, kwa sababu kontrasti peke yake mausi inaweza kuiongeza, chengachenga haiondoki, ukivuta kontrasti nayo inavutika. Wiki tano sita za mwanzo unakusanya tu ili ujue kawaida yako ni ipi. Baada ya hapo namba ikihama kutoka pale ilipozoea kukaa, rudia kesho yake kabla hujampigia mtu simu, na ikihama tena mpigie.

Vile vifaa ulivyofungia simu vinafanya kitu hichohicho kwa ufundi zaidi. CDRAD kwa mfano ni bapa la akriliki la milimita 10 lenye miraba 225, ndani yake kuna vishimo vya upana na kina kuanzia milimita 0.3 mpaka 8, unatafuta kishimo chembamba na kifupi kuliko vyote ambacho jicho lako bado linakiona. Kizuri sana. Ila kituo chenye kaunta buku iliyojaa kinamshinda mwenye CDRAD iliyolala kabatini, na hizo za kabatini nimeziona.

Sasa skrini, maana hapa ndo nilipoumbuka. Kuna mahali nilifanya kazi zamani, sipataji, umeme ulikatika usiku ukarudi asubuhi, tukaanza kazi kama kawaida. Kufika saa nne madaktari wanalalamika picha zimekuwa za kijivu, mishipa ya mapafu haionekani. Tukasema ditekta. Tukarudia wagonjwa, nakumbuka mama mmoja alirudiwa mara mbili na mimi ndo niliyebonyeza. Simu ikapigwa Dar kwa fundi, akataja nauli, hoteli na gharama yake, mhasibu akaanza kuandaa hela. Siku ya tatu kijana mmoja wa mafunzo, kimya kimya, akafungua ule mchoro wa majaribio unaoitwa TG18-QC kwenye kompyuta yetu sisi ya kupigia, alafu akaenda akaufungua kwenye ile ya madaktari. Ule mchoro una mraba mweusi kabisa na ndani yake kamraba kadogo ka asilimia 5, na mraba mweupe kabisa wenye kamraba ka asilimia 95. Kwetu vyote viwili vinaonekana. Kwa madaktari kale ka kwenye weusi hamna, kumezwa. Picha zilikuwa nzima siku zote tatu! Umeme uliporudi ile monita ilikuwa imejirudisha kwenye hali ya kubana umeme. Vibonye viwili vitatu chini ya kioo, kwisha.

Huo mchoro ni wa chama cha wanafizikia tiba wa Marekani, AAPM, wa ripoti yao ya 2005, unapatikana bure. Uweke kwenye kila kompyuta inayosomewa picha na ufunguliwe kila asubuhi kabla ya mgonjwa wa kwanza, inachukua muda wa kuvaa koti. Ripoti hiyohiyo ilitaka skrini ya daktari wa kusoma picha iwe na mwanga usiopungua kandela 170 kwa mita ya mraba na weupe wake uwe angalau mara 250 ya weusi wake. Kupima hizo unahitaji kifaa, azima hospitali kubwa mara moja kwa mwaka. Pazia na kitambaa cha kufutia kioo huhitaji kuazima. Skrini inayotazama dirisha saa saba mchana Moshi hata ingekuwa ya dola elfu ngapi ni kioo cha kujitazamia.

Gridi nayo usisahau. Ukipiga tumbo la mtu mnene bila gridi mionzi iliyotawanyika inamwaga ukungu juu ya kila kitu, na ukungu huo hakuna mausi inayoutoa vizuri. Ukiiweka kichwa chini unapata katikati tu na pembeni mbili zimefifia, ukiona hivo usiilaumu ditekta. Na kina mama waliosuka nywele kwa uzi waambie wazibane juu, ule uzi unaangukia nchani mwa pafu palepale kifua kikuu kinapopenda kukaa, nimeona mtu anaitwa kupimwa makohozi kwa ajili ya rasta.

Bosi akiendelea kukataa, usimtajie chuo, mtajie picha zilizorudiwa. Hesabu mwezi mmoja, ngapi na kwa nini, mpelekee karatasi. Mwambie pia TAEC, Tume ya Nguvu za Atomiki, iliyoundwa kwa sheria namba 7 ya 2003, ndo wanaotoa leseni na kukagua mashine za mionzi, na wana ofisi Njiro, Arusha. Mkaguzi akikuta kaunta buku imejaa anakunywa chai na nyinyi. Ila wao hawalali chumbani kwenu, katikati ya ukaguzi na ukaguzi ni wewe na ngazi yako.

*Anti habari. Niko Mirerani, nimeshuka chini mgodini miaka tisa sasa. Nimepiga kifua Arusha, filamu nikaiegesha kwenye dirisha nikaipiga picha kwa simu nikamtumia shemeji yangu daktari yuko Dar kwa WhatsApp. Kajibu eti haisomi. Simu yangu ni nzuri, kamera kali. Anaringa au? — Mchimba, Mirerani*

Haringi mdogo wangu, kakuheshimu. Kitu anachotafuta kwenye kifua cha mtu aliyekula vumbi la mwamba miaka tisa ni vidoa. Shirika la Kazi Duniani, ILO, lina utaratibu wake wa kuvisoma, vidogo kabisa wanaviita p na havizidi milimita 1.5, q vinafika 3, r vinafika 10, na msomaji anatakiwa aweke picha yako pembeni ya picha za mfano alinganishe. Toka 2011 wana utaratibu wa picha za digitali pia, kwa faili lenyewe kwenye skrini ya maana.

Sasa hesabu safari ya kidoa chako cha milimita moja. Kwenye ditekta kilikuwa na ngazi elfu kadhaa za kijivu, kikaprintiwa, kikabaki na dirisha moja. Ukaegesha dirishani, nyuma kuna anga upande mmoja na mti wa jirani upande mwingine, kwa hiyo mwanga haulingani. Kamera ya simu ikaona giza ikajiamulia kulainisha, zimetengenezwa kulainisha sura za watu na kidoa cha silikosi, ule ugonjwa wa vumbi la mwamba, kwake ni chunusi tu. Alafu WhatsApp ikabana faili ipite haraka. Kilichofika Dar ni kivuli cha kivuli. Kusema kifua chako ni kizima kwa picha hiyo ingekuwa uongo, kusema kinaumwa nayo ingekuwa uongo.

Mtumie faili, ile CD uliyopewa, kama hukupewa rudi ukaombe. Na kama kuna namna, nenda Kibong'oto pale Siha, ni hospitali ya taifa ya magonjwa ambukizi na kifua kikuu ndo kazi yao ya miaka yote, wachimbaji wa huko kwenu wanawaona kila siku. Vumbi la mwamba na kifua kikuu vinatembea pamoja, mwenye vumbi kifuani anashikwa na TB kirahisi zaidi kuliko mwingine. Usiende na picha ya simu.

*Picha yangu ya kifua ni nyeusi kuliko ya rafiki yangu, tulipigwa siku moja chuoni. Ina maana mimi nimepigwa mionzi mingi? Naogopa. — Mwanafunzi, Njiro*

Enzi za filamu ungekuwa na hoja. Kwenye digitali weusi ni ile pasi na dirisha, haukwambii kitu kuhusu mionzi. Hilo ndo tatizo lake pia, maana picha iliyozidishiwa mionzi inatoka laini na nzuri kweli, chengachenga hamna, kila mtu anaifurahia, na taratibu mkono wa mpigaji unapanda mwezi hadi mwezi bila mtu kugundua.

Ndo maana kila mashine ya kisasa inaandika pembeni namba ya mionzi iliyofika kwenye ditekta. Zamani kila kampuni ilikuwa na yake, nyingine ikipanda maana yake mionzi imezidi, nyingine ikipanda maana yake imepungua, vurugu tupu, mpaka 2008 ukatoka utaratibu mmoja wa kimataifa. Tafuta herufi DI. Ikiwa 0 umepigwa kama ilivyokusudiwa. Ikiwa 3 ditekta imepata mara mbili ya iliyohitajika, ikiwa kasoro 3 imepata nusu. Moja juu, moja chini, ni mambo ya kawaida.

Na hata ingekuwa 3, picha moja ya kifua ya kusimama ni kama milisiveti 0.02, wakati mionzi ya asili tu ya ardhini, angani na kwenye chakula inampa binadamu wa kawaida kama 2.4 kwa mwaka. Ni siku tatu za kuishi, na kwa DI ya 3 ni kama siku sita. Lala.

*Nimepewa eksirei ya goti imeprintiwa kwenye karatasi ya kawaida, A4. Halali hiyo? — Dereva, Sakina*

Kama kumbukumbu ya kumwonyesha mkeo, halali. Kusomea, hapana. Weusi wa karatasi haufiki hata karibu na weusi wa filamu iliyowekwa juu ya boksi la mwanga, kwa hiyo ngazi nyingi za kijivu zinaungana. Mfupa uliovunjika wazi utauona, ufa mwembamba unaweza kupita. Uliza kama faili limehifadhiwa na kama aliyeandika majibu alisomea kwenye skrini. Kama ndiyo, karatasi yako haina shida.

*Mjukuu wangu ananiandikia hii. Nina picha ya kifua ya mwaka 1989 tuliyopigwa tukiingia kazini, na mwezi uliopita nimepigwa nyingine ya kompyuta. Ile ya zamani ina kovu juu kushoto, hii mpya kovu linaonekana kubwa zaidi. Limekua? — Babu, Kibosho*

Shikamoo babu, na umshukuru mjukuu, mwandiko wake mzuri.

Inawezekana halijakua. Mashine za sasa zina mchezo wa kukaza kingo za vitu, mpaka wa kovu unapigwa mstari na linaonekana limetuna hata kama ni lilelile. Na ile ya zamani kama iliachwa kwa moshi wa jikoni imeweza kugeuka njano na kufifia, kwa hiyo unalinganisha kilichofifia na kilichokazwa. Kingine, ukubwa wa kwenye filamu zinazoprintiwa siku hizi si wa kuuamini kwa rula, wanaipunguza ienee, wakati ile ya 1989 ilikuwa saizi halisi au karibu yake.

Lakini babu, hiyo picha ya zamani ni mali. Daktari akikuta kovu halijabadilika miaka yote hiyo anapumua, na bila hiyo picha pengine angekupeleka kwenye CT. Ipelekwe, hata kama imechakaa, aiweke kwenye boksi la mwanga na ile mpya aifungue kwenye kompyuta kutoka kwenye faili, aombe na toleo lisilokazwa kama mashine yao inatunza. Msiifute kwa kitambaa cha maji wala mate, ile sura juu ya filamu ikilowa inalainika na kuchubuka. Na ile bahasha ya kaki iliyokaa nayo, mjukuu asiitupe eti imechafuka, tarehe na namba yako ya hospitali viko pale.